Yule Aliyetuonyesha Tunachokunywa

Kitu cha kwanza alichonionyesha kilikuwa mavi ya mtoto wangu.

Aliniita ndani ya chumba chake kidogo pale kwenye kituo cha afya, chumba chenye meza moja na dirisha moja, akanishika kisogo kama anayemwinamisha mtoto anyweshwe dawa, akaniweka jicho kwenye mikroskopu. "Tazama," akasema. "Usiniamini miye. Tazama mwenyewe." Niliona mwanga wa manjano, takataka zinazoelea, na katikati kitu cha duara, cha rangi ya chai, chenye ganda la matutamatuta. Nikamwuliza ni nini.

"Yai ya munyoo. Hapa unaona moja. Ndani ya tumbo ya Furaha, mama zake iko wanataga kila siku."

Nilitoka mbio nikatapika nyuma ya kituo. Aliponifuata mlangoni hakunipa maji wala pole. Alisema, "Muzuri. Sasa umeelewa."

Sisi tulimwita Mama Labo, kwa sababu labo ndiyo ilikuwa kazi yake: kupima damu, mkojo, makohozi na mavi ya watu wa kijiji chetu, upande wa Wamaza. Alitoka Kasongo mjini, Mwislamu wa familia za kule, na kilemba chake hakikulegea hata kwenye joto la mchana. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na watu waliniita Madamu. Mikroskopu yake haikutumia umeme. Chini yake palikuwa na kioo kidogo kilichokamata jua la dirishani, na siku ya mawingu hakuna mgonjwa aliyejua anaumwa nini.

Furaha alikuwa na tumbo lililovimba kwa miezi. Mama mkwe wangu alikuwa akimpiga bomba, dawa ya majani inayoingizwa kwa nyuma, kila wiki, nami nilimshika mtoto miguu, mimi niliyesomea ualimu. Mama Labo alinipa vidonge, na siku ya pili mtoto akatoa minyoo. Sitaki kuieleza sana. Ilikuwa mirefu, myeupe yenye wekundu kidogo, na mmoja ulikuwa bado unajikunja. Nilitaka kufukia haraka. Mama Labo, aliyekuwa amekuja kuangalia, akanizuia mkono. "Ngoja. Ita wamama wenzako waone." Nikakataa, nilisema ni aibu ya nyumba yangu. Akatoa simu yake akapiga picha ya beseni tu, bila uso wa mtoto, bila ukuta wa nyumba. "Hapa hakuna jina," akasema. "Mavi haina jina."

Hilo alilishika kwa miaka yote niliyomjua. Alikuwa anajua matumbo ya kijiji kizima, ya mchungaji, ya mashehe, ya wachimbaji waliopita kutoka Lusangi, na hakuna siku nilimsikia akitaja ya nani ni ipi. Mara moja tu alitaja mwenye mavi, na alikuwa yeye mwenyewe. Nitafika huko.

Mdomo wake ulikuwa mchafu. Sina neno jingine. Alisema "mavi" mbele ya wakwe, mbele ya watoto, kwenye sherehe ya kumaliza shule. Mchungaji alimwomba kwa upole, "Mama, sema haja kubwa." Akajibu, "Nikisema haja kubwa, watu watafikiri ni maombi." Wengine walicheka. Mimi nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimelelewa kuona kwamba mtu mzima hasemi hivyo, na bado nikimkumbuka akilitamka lile neno huku anatazama sahani ya mtu, nasukuma sahani yangu mbali.

Lakini wamama wa shamba walimsikiliza. Walikuwa kikundi cha kulimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kati yao simu kubwa zilikuwa mbili, yangu na ya mmoja wao. Mama Labo aligundua kwamba akibana kamera ya simu kwenye jicho la mikroskopu na kuzuia pumzi, picha inatoka safi. Akaanza kututumia. Rezo, mtandao wa simu, ilipatikana juu tu, kwenye kichuguu nyuma ya shule. Ilibidi nipande pale, nisubiri picha ishuke, halafu niipeleke shambani. Baada ya picha ilifuata vokale, ujumbe wa sauti yake nzito, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kibangubangu alichojifunza kwetu na kukivunja vibaya. Zote zilianza namna moja: "Ni miye wa labo. Munisikilize kama hamukuli."

Wakati wa kupumzika tuliweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti itoke kwa nguvu, na wanawake kumi na kitu wakainama juu ya sufuria. Alieleza yai linatokaje tumboni mwa mtu hadi kwenye udongo, na kutoka udongoni hadi kwenye ukucha wa mtoto, na kutoka kwenye ukucha hadi kwenye ugali. Hakusema "usafi ni muhimu". Alisema, "Jana ulikula mavi ya jirani yako. Na yeye alikula yako. Munalipana." Wamama walipiga kelele za kinyaa, walitema, halafu walitaka irudiwe. Jioni kila mmoja alipitisha maneno yale kwa majirani wasio na simu, akiiga sauti ile ile nzito. Ndani ya msimu mmoja niliona ndoo za maji na majivu mbele ya vyoo ambavyo kabla havikuwa hata na mlango.

Ikaja vokale nyingine, ya mwanamume tusiyemjua, iliyotoka mbali na kupita kwenye makundi yote ya simu. Alisema vidonge vya minyoo vinavyotolewa shuleni vinaua kizazi. Siku ya vidonge, wanafunzi wangu walitoka kwa madirisha. Nilibaki na watoto wanne, mmoja wao Furaha. Mama mmoja aliyekuwa akicheka kila siku kwenye sufuria alikuja kumvuta mwanawe mkono mbele yangu, bila kunisalimia.

Mama Labo hakuanza kubishana na yule mwanamume. Alituma picha. Yai lile lile la rangi ya chai. Kisha sauti: "Ni miye wa labo. Hii ni mavi. Na mwenye mavi hii ni miye. Nimekula kwenu miaka mitatu, nimekunywa kwenu, muliniambukiza. Leo nameza kidonge. Kesho kutwa nitawatumia picha ingine." Alituma kweli, na kile alichotuma safari hiyo sikukitazama mpaka mwisho. Wiki iliyofuata watoto wengi walimeza. Sijamwona mtu mwingine aliyejivua heshima yake hivyo ili aaminiwe.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kupendeza. Alitafuna tangawizi mbichi mchana kutwa na kutema popote, kwenye njia, kwenye maua ya kituo, mara moja karibu na mguu wangu. Chumba cha kazi alikisugua hadi meza ikapauka, lakini nyumbani kwake sahani za jana zilibaki uani na kuku walidonoa ndani. Nilimwambia. Akasema, "Kule ni kazi. Hapa nimechoka." Kwenye matanga alikataa kula, akakaa anaangalia mikono ya wanaokula, na watu wakasema anajivuna kwa sababu ni wa mji. Na mtu huyo huyo, tulipofika pamoja kwa bibi mmoja kizee porini, alipokea kikombe cha maji yenye rangi na kukimaliza. Njiani nilimwuliza kwa nini. "Uliona mikono yake namna ilitetemeka kuyaleta? Ningekataa, angeona ni yeye ndiye muchafu. Nitameza dawa kesho."

Kwa bibi yule alikuwa na huruma. Kwa Mama Sifa hakuwa nayo.

Mama Sifa alikuwa jirani yangu, mmoja wa wale wa shamba. Mvua zilipoanza mwaka ule, kuhara kulikamata nyumba za upande wa chemchemi. Mtoto wake mchanga, aliyekuwa ameanza kukaa, alikauka kwa siku mbili. Alipofikishwa kituoni macho yalikuwa yameingia ndani. Alifia mlangoni, mgongoni mwa mama yake. Siku ya matanga tulikaa chini kwenye mikeka, Mama Sifa katikati, amelazwa mapajani mwa dada yake. Mama Labo aliingia, akachuchumaa mbele yake. Nilidhani atamshika mkono. Akasema, kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Mutoto wako alikunywa mavi. Ile maji ya chemchemi. Nilipima jana."

Dada yake Mama Sifa alisimama akamwambia atoke. Akatoka. Nilichukizwa naye siku ile kuliko siku zote, na bado sijamsamehe neno lile. Mama Sifa hakuinua kichwa. Wanawake walionung'unika pale ndio waliokuwa wakiinama juu ya sufuria, na ndani ya siku mbili wengi waliacha kusikiliza vokale zake.

Lakini alikuwa amepima kweli. Alikuja shuleni baada ya masomo, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akanionyesha alichokipata kwenye tope lililotuama ndani ya ndoo ya maji ya chemchemi: mayai ya minyoo, na vitu vilivyo hai vinavyojirusha. "Inatoka juu," akasema. "Twende."

Juu ya chemchemi, kwenye mteremko, palikuwa na nyumba ya shefu wetu wa kijiji, na nyuma ya nyumba choo chake. Kila mtu alikijua, kwa harufu. Tulipita kwenye matete mpaka tukafika upande wa chini. Ukuta wa shimo ulikuwa umebomoka kwa mvua. Mavi yalikuwa yametoka nje, yamelala kwenye majani kama uji uliomwagika, na funza weupe wakitembea juu yake, na katikati palikuwa na mfereji mwembamba wa maji ya kahawia unaoshuka, polepole, kuelekea chini ambako tulisikia wanawake wakiongea na ndoo zikigongana. Niliziba pua kwa kitenge. Simu yake ilikuwa imezimika. Akasema, "Piga wewe." Nikapiga mara moja, haraka, karibu mno, kwa sababu niliogopa mtu wa shefu asitokee. Picha ilionyesha shimo, funza na mfereji. Chemchemi haikuonekana. Jioni, juu ya kichuguu, nilimtumia, naye akaituma kwenye kundi la simu la kijiji.

Shefu aliita mkutano kwenye hangari, banda la wazi la shule. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, asiyegombana. Alikuja pia msimamizi wa kazi za afya, kwa pikipiki, suruali yake imepakwa matope hadi magotini. Shefu aliinua simu ya mwanawe ili wote waione picha.

"Hii haiko kwangu," akasema. "Hii ilitoka ndani ya simu. Siku hizi kila kitu kinatoka ndani ya simu. Hata ile sauti ya vidonge vya kuua kizazi, si ilitoka ndani ya simu? Mama Labo mwenyewe alitufundisha tusiamini. Nani alipiga hii?"

"Ni miye," Mama Labo akasema.

Hakunitazama. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbele, benchi la wanafunzi wangu.

Shefu akageuka. "Madamu, weye ni mutu wa kusoma, na unatuheshimu. Hii picha, unapatambua hapa?"

Wanawake wa shamba walinitazama wote. Mama Sifa alikuwepo, amefunga kitambaa cha msiba. Nilifikiria nyumba yangu, iliyokuwa kwenye ardhi aliyonipa shefu. Nilifikiria maneno ya Mama Labo kwenye matanga, na nikajiambia kwamba mwanamke mkatili vile anastahili kupata somo. Nikasema, "Sikuiona vizuri. Siwezi kujua ni wapi."

Basi. Ilitosha. Msimamizi akamwambia Mama Labo kwamba kazi yake ni mikroskopu, siyo kusambaza picha, na kwamba barua itamfikia. Yeye akauliza jambo moja tu: kama wanataka kupanda naye juu wakaangalie, ni hatua mia. Watu walitazama miguu yao. Nilimwona msimamizi akitazama matope ya suruali yake. Hakuna aliyesimama.

Barua ilifika kabla ya mwezi kwisha. Aliondoka asubuhi moja kwa pikipiki bila kuaga, na mchana nilipopanda kwenye kichuguu simu iliniandikia kwa Kifaransa kwamba ametoka kwenye kundi. Kundi lilijaa nyimbo, maombi ya kupitisha kwa watu kumi, na bwana mmoja mwenye chupa inayotibu kila ugonjwa. Kwenye labo akaja kijana aliyefunga mlango saa sita kila siku.

Nami nilichemsha maji. Hilo ndilo linalonikera hata leo. Kila asubuhi nilichemsha maji yangu na ya Furaha, nikayaacha yapoe chini ya kifuniko, huku kupitia mlango namwona Mama Sifa akirudi kutoka chemchemini na ndoo kichwani. Aliamini picha ile ilikuwa ya mahali pengine. Aliamini kwa sababu Madamu alisema. Alizaa tena, msichana, na mara mbili nilimsikia akisema kwamba Mungu ndiye anayetoa na kuchukua. Nikaitikia amina, na sufuria yangu ikitokota.

Misimu mitatu ya mvua ilipita hivyo. Kisha nilitumwa Kasongo kwa mambo ya mitihani, na nikamtafuta.

Nilimkuta uani kwake, ameketi kwenye kiti cha plastiki, amekonda. Alinitambua kwa sauti, si kwa sura. Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na utando, na alikuwa ameacha mikroskopu. Kwenye mkeka palikuwa na wanawake wawili wa mtaa wakichambua mchele. Simu ilikuwa pajani mwake, na mmoja wao alikuwa akimweleza picha iliyotumwa na mtu wa labo wa Nyangwe. "Iko mrefu, Mama. Ina kichwa kama sindano." Akamwambia jina la mnyoo huo na dawa yake, mwanamke akarudia kwenye simu.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima. Nilipoanza, akaniinulia kiganja.

"Choo iko palepale?"

"Iko."

"Na weye unakunywa ya wapi?"

"Ninachemsha."

"Na yule mama wa mutoto?"

"Anachota palepale," nikasema. "Ana mtoto mwingine sasa."

Wanawake wa mchele waliacha kuchambua. Uso wake ulikunjamana namna ile ile niliyoiona siku tulipopita kwenye matete, na nikajua kwamba safari hii kinachonuka ni mimi.

"Ile picha unayo?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimebadilisha simu mara moja, na nilikuwa nimeihamisha.

"Tuma. Kwenye kundi la kijiji. Halafu useme. Jina lako kwanza, halafu nani alipiga, halafu ni wapi."

Kasongo rezo ni nzuri. Sikuwa hata na kichuguu cha kusingizia. Nilibonyeza, nikasema jina langu, nikafuta. Nikafuta tena. Mara ya tatu nilisema yote: kwamba picha ile niliipiga mimi kwa mkono wangu, nyuma ya nyumba ya shefu, kwamba nilisikia ndoo zao zikigongana chini, na kwamba mkutanoni nilisema uongo. Mama Labo alisikiliza kichwa kikiwa upande. "Haiko muzuri," akasema, "lakini ni ya kweli. Tuma."

Jibu la kwanza lilikuwa vokale ya Mama Sifa, kwa simu ya mwenzake wa shambani. Sikutaka kuifungua mbele yao. "Fungua," akasema. Hakukuwa na hasira ndani yake, wala kilio. Nyuma ya sauti mtoto alikuwa akicheza na kitu cha bati. Aliuliza tu, "Madamu, kumbe siku zote ulikuwa unajua?"

Nilibonyeza nikasema, "Ndiyo. Nilikuwa ninajua."

Hakujibu tena, siku ile wala baadaye. Nilipowasili kijijini siku tano baadaye, mteremko ulikuwa wazi. Wamama wa shamba walikuwa wamepanda wote pamoja, wamekivunja kile choo kwa majembe yao, wamefukia shimo, na kuchimba jipya ng'ambo, mbali na maji. Shefu alisimama mlangoni mwake akiwatazama, nao walipomaliza walimwomba maji ya kunawa. Nilisimuliwa na Furaha, aliyekwenda nao.

Nilipanda kwenye kichuguu nikampigia Mama Labo, nikamweleza. Alitaka kujua shimo jipya lina hatua ngapi kutoka chemchemini, na kama wameweka majivu. Kisha akauliza, "Na weye ungekuwepo, ungeshika jembe?"

Nilimwambia kwamba hapo mbele yangu bado walikuwa wanachimba mfereji wa kugeuza maji ya mvua, na kwamba hakuna aliyekuja kuniita.

"Uende bila kuitwa," akasema. "Miye, nani alikuwa ananiita?"

Akakata simu.